Sura ya 6: Mradi Wenye Mahali Pake

Pale Shimo la Mungu, ukingoni mwa mji wa Newala, ardhi inakatika ghafla. Nyuma ni uwanda wa juu wa Makonde, tambarare, mikorosho kila upande. Mbele ni bonde la Ruvuma, na ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Ukielekeza macho magharibi, umbali wa kama kilomita 60 kwa mstari ulionyooka, kuna Masasi na milima yake ya mawe, Mkomaindo, Mtandi na mingineyo, kila mmoja umechomoza peke yake kutoka nchi tambarare. Kijana aliyekulia huku, akaenda kusoma kompyuta Dar es Salaam, Dodoma au Mbeya, akifika mwaka wa mwisho na kutaka mradi wa grafiki za papo kwa papo, mara nyingi hutafuta mada kwenye michezo aliyoicheza. Namshauri atafute hapa ukingoni.

Grafiki za papo kwa papo ni picha zinazokokotolewa upya kila mtazamaji anapogeuka au kusogea. Watengenezaji wa filamu za katuni wanaweza kuiacha kompyuta itafune fremu moja kwa saa kadhaa, kwa sababu mtazamaji ataiona mwakani. Anayetengeneza mchezo wa simu au ramani ya pande tatu hana nafasi hiyo. Akitaka fremu 60 kwa sekunde, ana milisekunde 16.7 za kufanya kila kitu: kujua mtumiaji amegusa wapi, kuchagua kinachoonekana, kukichora, kukipaka mwanga na kivuli, na kukitoa kwenye kioo. Akiridhika na fremu 30, ana milisekunde 33.3. Taaluma nzima imejengwa juu ya ufinyu huo, na mradi mzuri wa mwanafunzi ni ule unaomlazimisha kupambana nao mahali pamoja, kwa kina.

Maandiko mengi ya miradi hayako hivyo. Yanaanza na kichwa kirefu kinachoahidi injini ya michezo yenye vivuli, maji, moshi, mawingu, fizikia ya magari na wachezaji wengi mtandaoni. Kila kimoja kati ya hivyo ni kazi ya mwaka kwa mtu anayejua. Ikifika mwezi wa sita kuna dirisha jeusi lenye mchemraba unaozunguka, na msimamizi anaombwa aamini kwamba mengine yanakuja. Mwanafunzi wa namna hii huwa hakosi bidii. Alichokosa ni swali. Orodha ya vitu vya kutengeneza haimwambii aanze wapi, haimwambii lini amemaliza, na haimwambii kama alichokitengeneza ni sahihi.

Hilo la usahihi ndilo linalonifanya nisisitize mahali. Picha ya sayari ya kubuni haiwezi kukosewa, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuiona. Historia ya fani yenyewe inafundisha jambo hili. Mwaka 1975, Martin Newell wa Chuo Kikuu cha Utah alihitaji umbo la kujaribia mbinu zake, akachukua birika la chai la nyumbani kwake. Birika hilo leo limehifadhiwa katika Makumbusho ya Historia ya Kompyuta huko California, na umbo lake limechorwa na wanafunzi wa kila bara. Mwaka 1994, watafiti wa Stanford walifanya hivyohivyo kwa sungura wa udongo, pambo la kawaida la dukani, wakamsoma kwa leza. Vitu vyote viwili vilikuwa mezani, mkono unafika. Picha ikitoka mbaya, unageuza shingo na kuona ilipokosewa.

Basi tuuchukue ukingo wa Newala kama birika letu, na swali liwe hili: je, simu ya kawaida inaweza kuonyesha mandhari ya kweli kutoka Newala hadi Masasi kwa fremu 30 kwa sekunde, na upeo wa macho unaochorwa ukalingana na ule unaoonekana kwa macho? Swali lina namba mbili za kupimia, milisekunde upande mmoja na pikseli upande wa pili, na jibu lake linaweza kuwa hapana bila mradi kuharibika.

Data zipo, tena bure. Februari 2000, chombo cha anga Endeavour kilizunguka dunia kwa siku 11 kikiwa na antena za rada ndani yake na nyingine kwenye mwisho wa mlingoti wa mita 60, kikapima mwinuko wa sehemu kubwa ya nchi kavu ya dunia. Kwa miaka mingi wengi nje ya Marekani walipata toleo lenye nukta moja kila mita 90 hivi. Mwaka 2014 toleo la mita 30 lilianza kufunguliwa, na bara lililotangulia lilikuwa Afrika. Data hizo zimegawanywa katika vigae: kila kigae kinafunika nyuzi moja ya latitudo kwa nyuzi moja ya longitudo, kina nukta 3,601 kwa 3,601, na jina lake hutokana na pembe yake ya kusini magharibi. Masasi imo katika S11E038. Newala imo katika S11E039. Mstari wa longitudo 39 unapita katikati ya miji hii miwili, na mstari wa latitudo 11 unapita kilomita chache tu kusini mwa Newala, kwa hiyo bonde la Ruvuma linaangukia kwenye vigae vingine viwili. Mradi unaoonekana mdogo kwenye ramani unaanza na vigae vinne.

Hapa kazi inaonyesha meno yake, na ninapenda inavyofanya hivyo mapema. Kila kigae kinarudia mstari wa mwisho wa jirani yake. Usipoliangalia hilo, utapata ama mshono uliorudiwa ama ufa mwembamba unaokata nchi kutoka kaskazini hadi kusini, kati ya Masasi na Newala. Kila mwinuko umeandikwa kwa baiti mbili, kubwa ikitangulia, ilhali vichakato vya laptopu na simu zetu husoma ndogo kwanza. Ukisahau kuzigeuza, mwinuko wa mita 256 unakuwa mita 1, na uwanda wa Makonde unageuka msitu wa sindano. Pasipo na kipimo kumeandikwa −32768, na ukiichora hivyo kutatokea shimo la kilomita 32 katikati ya mashamba ya watu. Anayeyajua mazingira anaziona kasoro hizi siku ya kwanza. Anayechora nchi asiyoijua anaweza kukaa nazo muhula mzima.

Vigae vinne kwa pamoja vina nukta karibu milioni 52, na ukiziunganisha unapata pembetatu zaidi ya milioni 100. Simu haiwezi. Hatua ya kwanza ni ya busara tu: kata kipande cha nyuzi 0.7 kila upande, kutoka longitudo 38.7 hadi 39.4 na latitudo 10.6 hadi 11.3 kusini. Zinabaki nukta milioni 6.4 hivi, na faili la karibu MB 13 kabla ya kubanwa, jambo lenye uzito kwa mtu anayenunua bando. Bado pembetatu ni milioni 12 na ushei. Hatua ya pili ndiyo kiini cha mradi: viwango vya undani. Jiwe lililo mita 50 mbele yako linahitaji pembetatu nyingi. Mlima wa Masasi ukiwa kilomita 60 unahitaji chache tu, maana kwenye kioo hauzidi pikseli kadhaa.

Mbinu za kufanya hivyo zina historia nzuri ya kusoma. ROAM ya mwaka 1997 iligawa na kuunganisha pembetatu mojamoja, kazi iliyofanywa na kichakato kikuu kwa sababu kadi za picha za wakati ule hazikuwa na uwezo. Mwaka 2000 Willem de Boer alipendekeza kugawa ardhi katika vipande vya mraba, kila kipande kikiwa na matoleo kadhaa ya ukali tofauti, na kazi ya kichakato kikuu ikawa kuchagua tu. Mwaka 2004 Frank Losasso na Hugues Hoppe waliweka pete za mraba zinazomzunguka mtazamaji, za ndani zikiwa na nukta zilizosongamana na za nje zikiwa na nukta zilizoachana. Kwa njia hiyo walionyesha ardhi ya Marekani yenye nukta bilioni 20, data za GB 40 wakizibana hadi MB 355, kwa fremu 60 kwa sekunde, kwenye kompyuta ambayo simu nyingi za leo zinaizidi nguvu. Mwanafunzi asijaribu zote. Achague mbili, azifanyie jaribio moja kwenye kifaa kimoja, kisha aeleze kwa nini moja imeishinda nyingine kwenye ukingo kama huu, ambapo uwanda tambarare unaishia kwenye mteremko mkali. Ardhi ya namna hii inazitesa mbinu zinazodhani mabadiliko ni ya polepole, na ndiyo sababu nyingine ya kuichagua.

Halafu kuna umbali. Watu hudharau jinsi ilivyo shida kuonyesha kitu kilicho mbele ya pua pamoja na kitu kilicho kilomita 60 katika picha moja. Kadi ya picha hukumbuka umbali wa kila pikseli kwenye bafa ya kina, ili ijue nini kimemficha nani, na katika mpangilio wa kawaida karibu usahihi wote hutumika kwa vitu vya karibu. Ukiwa na bafa ya biti 24 na ukaweka mpaka wa karibu, yaani umbali ambao kabla yake hakuna kinachochorwa, kwenye sentimita 10, basi kwa umbali wa kilomita 50 kadi haiwezi kutofautisha vitu vilivyoachana kwa chini ya kilomita moja na nusu. Milima ya Masasi itamemeteka na kuingiliana kila kamera inapotikisika. Sogeza mpaka wa karibu hadi mita 10 na kosa linashuka hadi kama mita 15. Au tumia namba za desimali na ugeuze mpangilio, mbali ikawa sifuri na karibu ikawa moja, kisha uone tofauti. Huu peke yake ungetosha kuwa mradi wa mwanafunzi mwangalifu.

Na kuna mviringo wa dunia. Programu nyingi za mafunzo huchora ardhi juu ya ubao tambarare, na kwa mchezo wa kijiji kimoja haidhuru. Kwa kilomita 60, uso wa dunia umeinama chini ya mstari ulionyooka kwa karibu mita 280. Hewa hupinda mwanga na kupunguza tofauti hiyo kwa kama moja ya saba, lakini kinachobaki ni zaidi ya mita 200, na kwa milima ya Masasi hicho si kitu cha kupuuza: ubao tambarare utaionyesha ikiwa imejitokeza zaidi kuliko inavyoonekana kwa kweli. Kurekebisha ni mstari mmoja wa hesabu ndani ya sheda, ile programu ndogo inayoendeshwa kwenye kadi ya picha: toa umbali ukizidishwa kwa wenyewe, ukigawanywa kwa kipenyo cha dunia.

Utajuaje kama umepatia? Unapanda gari hadi Newala. Unasimama ukingoni baada ya mvua, hewa ikiwa imesafika, maana miezi ya kuchoma mashamba moshi hulifunika bonde. Unapiga picha kwa simu, unaandika mahali ulipo kwa GPS, mwelekeo na upana wa lenzi. Ukirudi, unaweka kamera ya programu mahali palepale, unachora, unalaza mstari wa upeo mmoja juu ya mwingine, na unahesabu pikseli zinazopishana. Zikipishana, sababu ni chache na zote zinatafutika: lenzi, dira, mviringo, au data zenyewe, kwa kuwa nukta za mita 30 hulainisha genge na kulifanya mteremko, na rada ile haikupenya matawi yote, hivyo mahali penye miti minene mwinuko una sehemu ya miti ndani yake. Sijui kipimo kingine katika fani hii kinachomfundisha mwanafunzi mengi kwa nauli ya basi.

Nikumbushe pia kwamba ukingo huu si mgeni kwa vyombo vya picha. Mwaka 1906 Karl Weule, mtafiti kutoka makumbusho ya Leipzig, alipita Masasi na Newala akiwa na kamera ya sinema na fonografu, miaka kumi na moja tu baada ya ndugu Lumière kuonyesha filamu zao Paris. Picha zilizochukuliwa huku zilikwenda Ujerumani. Mradi unaofanywa na mwenyeji, kwa data zilizo wazi, unaweza kubaki kwenye simu za watu wa hapa, na hilo kwangu si jambo dogo.

Matumizi yapo pia. Udongo wa uwanda wa juu hunyonya maji ya mvua yakapotelea chini, ndiyo maana vizazi vya wanawake vimeshuka na kupanda miteremko hii na vyombo kichwani, na ndiyo maana mradi wa maji wa Makonde, ulioanza miaka ya 1950, unasukuma maji kutoka vyanzo vya bondeni kama Mitema kwenda juu. Mwanakijiji akiulizwa bomba lipite wapi, ramani ya mistari ya mwinuko haimwambii kitu. Mteremko anaoutambua kwenye kioo cha simu unamwambia. Mwanafunzi asiahidi kutatua tatizo la maji. Aahidi picha sahihi ya mteremko, aifikishe.

Asiyependa milima achukue mkorosho. Wataalamu wa kilimo hushauri nafasi ya mita 12 kwa 12, yaani karibu miti 6,900 kwa kilomita moja ya mraba. Mti mmoja uliochongwa kwa pembetatu 5,000 unafanya kilomita hiyo iwe na pembetatu karibu milioni 35, na kutoka ukingoni unaona kilomita nyingi. Kuna njia ya kuipa kadi ya picha mti mmoja pamoja na orodha ya mahali pa kuupanda, na kuna njia ya kuigeuza miti ya mbali kuwa picha bapa zinazomgeukia mtazamaji. Ugumu uko kwenye majani. Majani yanayochorwa kama karatasi zenye matundu huizuia kadi kutupa mapema pikseli zilizofichwa, na kwenye simu za bei ya kawaida hilo ndilo linalomaliza milisekunde. Lakini mkorosho una taji la duara linaloinama hadi karibu na ardhi. Kwa mbali ni kuba iliyofungamana, na pengine kuba yenye rangi na mwanga sahihi inatosha kabisa baada ya mita 200. Ni wapi hasa jicho linaacha kutambua tofauti? Waulize wakulima wa Masasi, uwaonyeshe matoleo mawili bila kuwaambia lipi ni lipi. Hao ndio watakaojua.

Kinyago cha mpingo ni mradi mwingine halali, hasa cha mtindo wa shetani unaohusishwa na mchongaji Samaki Likankoa tangu miaka ya 1950, viungo vimepindana na matundu yamepita katikati. Ni kipimo kikali cha vivuli vya ndani ya mikunjo, mbinu iliyoenea baada ya mchezo wa Crysis wa mwaka 2007. Ila mpingo uliosuguliwa ni mweusi na unang'aa, na programu zinazojenga umbo kutokana na picha nyingi hukosa alama za kushika juu yake, kwa hiyo sehemu kubwa ya muda itaishia kwenye taa na vitambaa vya kutawanya mwanga. Barakoa za mapiko, zinazochezwa kwenye jando, ni suala lingine. Zina wenyewe, zina mahali na wakati wake, na jando si maonyesho. Kabla ya kamera, wazee waulizwe, na wakikataa, mradi ubadilike.

Kifaa cha kupimia kiwe kile ambacho watu wanacho. Laptopu yenye kadi ya picha ya ndani ya kichakato inatosha kuandikia, na simu ya bei ya kati inatosha kujaribia. WebGL humwezesha msimamizi kufungua kazi kwenye kivinjari bila kusakinisha chochote. Kutumia injini iliyokwisha tengenezwa, kama Godot au Unity, si dhambi, ilimradi sehemu inayojibu swali iandikwe na mwanafunzi mwenyewe. Simu ipimwe ikiwa imeshapata moto, baada ya dakika 15 za kazi, kwa sababu ikichemka hujipunguzia kasi na namba za dakika ya kwanza hazina maana tena. Na matokeo yaandikwe kwa milisekunde, si kwa fremu. Kushuka kutoka fremu 200 hadi 100 kunaonekana msiba, ilhali gharama ni milisekunde 5. Kushuka kutoka 40 hadi 33 kunaonekana kidogo, nako kumegharimu karibu milisekunde 5 zilezile.

Kwa siku ya kutetea mradi, rekodi njia moja ya kamera, kutoka juu ya Mtandi, kupita bondeni, hadi ukingoni Newala, na uipitishe kila mbinu njia hiyohiyo, faili zote zikiwa ndani ya mashine bila kutegemea intaneti. Kama muda unakatika, acha mawingu kwanza, kisha mikorosho, kisha vivuli. Mshono wa longitudo 39, bafa ya kina na picha ya ukingoni visiguswe, kwa kuwa jopo litauliza unajuaje kwamba milima iko mahali pake, na hivyo ndivyo vinavyojibu.